Ngoma ya Mauti katika Kanisa la Hrastovlje

Mtu akitoka bandari ya Koper, nchini Slovenia, akaelekea bara, kabla ya kumaliza kilomita 20 hufika chini ya majabali marefu ya mawe ya chokaa. Juu ya majabali hayo kumeenea nchi iitwayo Kras. Huko maji ya mvua hayakai juu ya ardhi, bali hupenya kwenye miamba na kutiririka chini kwa chini mapangoni. Wataalamu wa miamba wameazima jina hilo, wakaita "karst" kila ardhi ya namna hiyo popote duniani. Chini ya majabali udongo ni mwingine, nao hushika maji. Mizabibu na mizeituni hustawi hapo.

Katika mpaka huo wa nchi mbili za asili kipo kijiji cha Hrastovlje. Jina lake linatokana na neno "hrast", yaani mwaloni, mti ambao sisi wasomaji wa Biblia tunaufahamu tangu habari za Abrahamu na Absalomu. Ni kijiji kidogo, wakazi wake hawafiki 200. Juu ya kilima chake cha mawe limesimama Kanisa la Utatu Mtakatifu, lililojengwa katika Zama za Kati, nalo limezungukwa na ukuta mnene wenye minara kwenye pembe.

Ukuta huo una historia yake. Eneo hili lilikuwa mpakani, kati ya utawala wa Venice na ule wa wafalme wa Habsburg, na vita vya wakubwa vilipita juu ya migongo ya wakulima. Zaidi ya hayo, tangu karne ya 15 nchi za Waslovenia zilishambuliwa mara nyingi na askari wa Uturuki. Kwa hiyo katika karne ya 16 kanisa lilizungushiwa boma, ili hatari ikija watu wapate mahali pa kukimbilia. Nyumba ya sala ikawa pia ngome.

Lakini kabla ya ukuta huo kujengwa, kanisa lilikuwa limekwisha kuchorwa ndani, kuta na dari. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1490, na mchoraji wake alikuwa Yohane wa Kastav, mji usio mbali sana, ambao leo uko Kroatia. Katika uchoraji wa ukutani wa siku zile, rangi ilipakwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, hata ikawa sehemu ya ukuta wenyewe.

Waumini wengi wa wakati ule hawakujua kusoma, basi picha ndizo zilizokuwa Biblia yao. Darini waliona Mungu akiumba ulimwengu siku baada ya siku. Waliona pia miezi 12 ya mwaka na kazi zake, hata mkulima akajiona yeye mwenyewe kanisani. Ukutani upande wa kaskazini Mamajusi wako safarini kwenda kumsujudia Mtoto. Upande wa kusini yako mateso ya Bwana wetu, na chini yake ipo picha iliyokifanya kijiji hiki kijulikane mbali: Ngoma ya Mauti.

Katika picha hiyo watu wanakwenda kwa mstari, na kila mmoja ameshikwa mkono na kiunzi cha mifupa. Papa yumo, tena ndiye aliye karibu zaidi na kaburi. Mfalme na malkia wamo, kadinali, askofu na mtawa wamo. Tajiri anajaribu kutoa mfuko wa fedha, lakini mauti haipokei rushwa. Wamo pia mlemavu mwenye mkongojo na mtoto mdogo, ambaye ndiye wa mwisho. Mbele yao Mauti imeketi ikiwangoja, na kaburi liko wazi.

Picha za namna hii zilienea Ulaya baada ya tauni kubwa iliyoanza mwaka 1347, ambayo kwa miaka michache iliua sehemu kubwa ya watu wa bara hilo. Ipo nyingine huko Beram, katika rasi hiyo hiyo ya Istria, iliyochorwa mwaka 1474. Watu walikuwa wameona wenye vyeo na wasio na vyeo wakizikwa siku moja.

Baadaye picha za Hrastovlje zilifunikwa kwa lipu. Vizazi vikaja na kupita, watu wakasali wakitazama kuta tupu. Watawala nao walibadilika: Venice ilianguka mwaka 1797, ikaja Austria, kisha Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha Yugoslavia, na mwaka 1991 Slovenia ikawa taifa huru. Mwaka 1949 msanii Jože Pohlen alizigundua picha zile chini ya lipu. Mfalme bado alikuwa anatembea, na mtoto bado alikuwa nyuma.

Ndugu msomaji, sisi tunajifunza nini kwa kijiji hiki? Hatuwalaumu wazee wake kwa kujenga boma. Kulinda watoto ni wajibu. Lakini kila aliyekimbilia ndani ya ukuta ule alimkuta adui mmoja ambaye ukuta haukumzuia, amechorwa mbele ya macho yake.

Sisi pia tunapiga lipu. Mara ngapi mgonjwa wetu ametaka kutuaga, au kusema neno juu ya watoto wake, nasi tukamkatiza: "Usiseme hivyo, utapona"? Tulidhani tunampa matumaini. Kumbe tulikuwa tunaikimbia hofu yetu, tukamwacha peke yake katika saa aliyotuhitaji kuliko zote. Kisha kwenye mazishi tukazungumza kwa sauti kubwa yale ambayo hatukuthubutu kumwambia akiwa hai. Na ugomvi ambao neno lake moja lingeumaliza, tukaurithi.

Wakristo wa Hrastovlje hawakuificha mauti kanisani mwao, wala hawakuiacha peke yake. Ukitazama ukuta ule tena utaona kwamba ngoma inachezwa chini, na juu yake yako mateso ya Kristo. Mchoraji alipanga vizuri. Papa, mlemavu na mtoto wote wanakwenda kaburini, lakini juu ya vichwa vyao yuko Yeye aliyetangulia kwenda huko, naye hakubaki humo. Tukiliamini hilo, tunaweza kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa, tukamshika mkono, tukamwacha aseme.