Kutolewa kwa Lazima na Rufaa ya Besi

Kutolewa kwa lazima ni kanuni ya softiboli inayomhusu mkimbiaji asiyeweza kubaki kwenye besi yake kwa sababu mpigaji amegeuka mkimbiaji na anaielekea besi ya kwanza.

Mlinzi halazimiki kumgusa mkimbiaji wa aina hiyo: aliyeshika mpira akiikanyaga besi kabla yake, inatosha. Lazima hiyo hudumu hadi mkimbiaji aliye nyuma yake atolewe, na hapo ndipo wengi huteleza. Tuseme mkimbiaji yuko besi ya kwanza, mpira ukabiringika hadi kwa mlinzi wa besi hiyo. Akiikanyaga kwanza besi yake, mpigaji ametoka. Yule aendaye besi ya pili halazimiki tena, sharti aguswe kwa mpira. Mlinzi akianzia besi ya pili, wote wawili waweza kutolewa bila kuguswa.

Mkimbiaji akipita besi bila kuikanyaga, mwamuzi hunyamaza, hata akiwa ameona, mpaka walinzi wakate rufaa kabla ya mrusho unaofuata. Ikiwa ni besi aliyolazimika kuifikia, naye akawa wa tatu kutoka, hakuna alama inayohesabiwa katika tukio hilo. Aliyeiacha besi kabla mpira wa juu haujadakwa hutolewa pia kwa rufaa, lakini huko si kutolewa kwa lazima: alama ya mwenzake aliyemtangulia, akiwa ameshafika besi ya nyumbani, hubaki.