Mtu Aliyeamriwa Kutojua

Msomaji wangu, bila shaka umepata kushindana na wenzako katika chemsha bongo, nawe waijua raha ya kujibu kabla ya mwenzio. Basi fikiri: jibu unalo ulimini, lakini umeamriwa ukose. Ndiyo yaliyompata Herbert Stempel mjini New York, tarehe 5 Desemba 1956, huku mamilioni ya Wamarekani wakimtazama katika televisheni.

Michezo ya maswali ilikuwa imeenea sana huko tangu Juni 1955, kampuni ya CBS ilipoanzisha The $64,000 Question. Watu walifurahi kuona elimu ikitokea mahali wasipoitazamia. Fundi wa viatu, Gino Prato, alijua habari za opera, yaani michezo ya kuigiza kwa kuimba. Polisi mmoja alijua tamthilia za Shakespeare. Na wa kwanza kuzipata dola 64,000 zote alikuwa kapteni wa jeshi, Richard McCutchen, naye aliulizwa habari za mapishi!

Mwaka 1956 kampuni ya NBC ikaleta Twenty-One. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja katika kibanda chake, wasisikilizane. Watazamaji walimwona Stempel akifikiri kwa taabu na kujipangusa jasho, wakamhurumia. Kumbe Dan Enright, mtayarishaji wa mchezo, alikwisha kumpa maswali na majibu, akamfundisha hata wakati wa kusita. Na ajabu ni kwamba Stempel alikuwa mtu wa kumbukumbu kubwa kwelikweli. Mengi angaliyajibu bila kusaidiwa.

Kisha Enright akataka sura mpya. Akamchagua Charles Van Doren, kijana mtanashati, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwana wa mshairi mashuhuri. Stempel akaambiwa ashindwe. Aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo ya Oscar kuwa filamu bora ya mwaka 1955. Jibu ni Marty, hadithi ya mwuza nyama mpweke, nayo alikuwa ameitazama na kuipenda mno. Akajibu On the Waterfront, na usiku ule ule akatolewa.

Van Doren aliendelea hadi tarehe 11 Machi 1957, akachuma dola 129,000, na picha yake ikatokea kwenye jalada la gazeti la Time. Siku ya kushindwa hakumtaja mfalme wa Ubelgiji, Baudouin, ambaye wakati ule alitawala Kongo pia. Nadhani mtoto wa shule wa Elisabethville angalimcheka.

Stempel alipofichua mambo haya, wengi walisema ana wivu. Lakini katika Agosti 1958 mchezo mwingine, Dotto, uliondolewa baada ya daftari la mshindani kuonekana lina majibu ndani yake. Tena alikuwako mchoraji mmoja, James Snodgrass, mwenye akili ya kupendeza. Alipopewa majibu ya Twenty-One mwaka 1957, aliyaandika, akajipelekea mwenyewe kwa barua ya rejista kabla ya siku ya mchezo, wala hakuifungua bahasha. Ilifunguliwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1959, na muhuri wa posta ukasema yote.

Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati hiyo hiyo. Akapoteza kazi yake ya televisheni na ya ualimu pia. Sheria ya kukataza udanganyifu huo haikuwako hadi 1960. Kwa hiyo yeye na wengine kadhaa walishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, wakapewa mwaka 1962 adhabu iliyoahirishwa. Kwa miaka mingi alinyamaza. Alipoandika habari zake kwa kirefu, mwaka 2008, alikuwa mzee wa miaka 82.