Ngoma Haina Ngazi

Binamu yangu kule Muthara hasikii vizuri, na anatembea kwa magongo. Lakini mweke karibu na ngoma za Wachuka uone. Ngoma yao ni ndefu, mpigaji anaibana katikati ya mapaja ikiwa imeinama, anacheza huku anapiga. Mlio unapita ardhini, unamfikia binamu miguuni. Hapo hakuna jukwaa wala mlango.

Shule za muziki nazo, zikishapata jengo tu, zinapanda ghorofani. Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar ilianza 2002 ndani ya jengo la Forodha ya zamani, Mizingani. Mahali pazuri ajabu: udi, qanun, bahari dirishani. Madarasa yalikuwa juu. Muziki uliteremka hadi barabarani bila shida, lakini mwenye magongo angepandaje? Halafu Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, huwezi kubomoa ukuta ovyo.

Kenya tulikuwa na sheria ya 2003 iliyotaka majengo ya umma yarekebishwe, wenyewe wakapewa miaka mitano. Si unaziona ngazi zetu bado?

Evelyn Glennie wa Scotland, ambaye ni kiziwi, hupiga ngoma peku ili aisikie kwa nyayo. Kwa hivyo shule yangu nilianza kuichora kutoka sakafuni: mbao zinazotetemeka, kisha njia pana ya mteremko inayozunguka ukumbi, watu wapande wakicheza. Nilimwonyesha binamu. Akauliza kitu kimoja tu: choo kiko wapi?

Nilikuwa nimekiweka juu.