Kabla ya Viza ya Majuu, Kulikuwa na Viza ya Isiolo

Wasee wangu, wiki hii kila mtu analia viza. Karatasi za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, picha lazima masikio yaonekane, na mwisho unaambiwa hujathibitisha kama utarudi kwenu. Nawahurumia. Lakini kama wewe ni mtoto wa Isiolo, hiyo stori tunaijua zamani. Babu zetu waliihitaji viza ndani ya nchi yao wenyewe.

Tuanzie 1902. Mkoloni alitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyompa nguvu ya kufunga wilaya nzima: mtu wa nje haingii bila kibali. Mwaka 1926 akaifunga Kaskazini, ile aliyoiita NFD. 1934 ikaja sheria nyingine, kali zaidi. Sasa hata wenyeji wangeweza kuzuiwa kutoka kwao, na kosa la mtu mmoja likaadhibiwa kabila zima.

Na lango la hiyo NFD lilikuwa wapi? Hapa hapa kwetu. Ukitoka Nanyuki ukifika Isiolo, hapo ndipo unaulizwa: wewe nani, unaenda wapi, nani amekuruhusu? Hata ng'ombe walikuwa na viza yao, wakae karantini kwanza ndio wasogee kusini kwenye mashamba ya walowezi. Ndio maana mpaka leo utasikia mzee wa Kaskazini akipanda gari la Nairobi akisema, "Naenda Kenya." Vijana hucheka. Mzee hafanyi mchezo, anakumbuka tu.

Sasa utasema, sawa, huyo alikuwa mkoloni. Haya. Uhuru tulipata 12 Desemba 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. 1966 kanuni hizo zikaandikwa upya, na Isiolo ikatajwa ndani pamoja na Marsabit, Tana River na Lamu. Zilifutwa lini? 1991. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Uhuru alikuwa na miaka 28 kabla sheria imuone kama Mkenya mwingine yeyote.

Na kabla hazijafutwa, 1989, Wakenya Wasomali walipangwa foleni nchi nzima wathibitishe uraia. Waliopita walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Fikiria, una ID ya Kenya na bado unaambiwa leta nyingine ya kuthibitisha hiyo.

Kizazi chetu tulirithi kamati. Mwenzangu wa Meru akifika miaka 18 anapeleka cheti cha kuzaliwa, anapigwa picha, anaenda zake. Mimi nilikaa mbele ya wazee nikiulizwa ukoo wangu, kisima chetu ni kipi, babu alizikwa wapi. Nilirudishwa mara mbili. Na bila ID hakuna pasipoti, kwa hivyo ubalozi haukuwa hata na nafasi ya kuninyima viza. Nilikuwa nimenyimwa tayari, nyumbani.

Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa huo msasa wa ziada. Poa sana. Lakini pia kumbuka: mwaka huo huo Kenya ilipowaondolea Waafrika wengi kile kibali cha kuingia cha mtandaoni, nchi mbili ziliachwa nje, Libya na Somalia. Sababu iliyotolewa ni usalama. Neno hilo hilo limetumika Isiolo tangu enzi ya mkoloni.

Kwa hivyo kama umefika 18 na hujachukua ID, nenda wiki hii. Usingoje kampeni za uchaguzi. Na ukiulizwa swali ambalo mwenzako wa Meru haulizwi, uliza kwa heshima ni sheria gani inasema hivyo. Nyanya yangu hakuwahi kupata nafasi ya kuuliza.