Tulipopiga Makofi Mende Walipokanyagwa

Ndugu msikilizaji, leo naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 1999, katika banda moja la video hapa Dar es Salaam, niliinuka kwenye benchi nikapiga makofi kwa jambo ambalo, nilipolitafakari baadaye, lilinitia aibu. Sikuwa peke yangu. Banda zima lilikuwa limesimama.

Nilikuwa nimekwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi. Mkanda wa siku hiyo ulikuwa Starship Troopers, picha ya Kimarekani ya mwaka 1997. Wale mliokuwa vijana wakati ule mnajua mambo yalivyokuwa: kiingilio kidogo, mabenchi ya mbao, joto la tanuri, televisheni juu ya meza, na mfasiri pembeni na kipaza sauti chake, akitueleza kwa Kiswahili kila alilosema stelingi, na mengine mengi ambayo stelingi hakuyasema.

Kisa chenyewe ni cha siku za usoni. Dunia yote imekuwa dola moja, na haki ya kupiga kura ni ya wale tu waliolitumikia dola hilo, hasa jeshini. Kijana mmoja wa Buenos Aires, Johnny Rico, anamaliza shule na kujiandikisha, kwa sababu msichana anayempenda naye amejiandikisha. Mara jiwe kubwa linashuka kutoka angani na kuuteketeza mji wake. Watawala wanatangaza kwamba jiwe hilo limetupwa na wadudu wakubwa wa sayari ya mbali iitwayo Klendathu. Basi, vita vinaanza.

Sisi tulishangilia tangu mwanzo. Kila mdudu alipopasuka, banda lilitikisika. Mfasiri naye, kwa kunogesha, akawa anapaza sauti: “Piga mende hao! Usibakize hata mmoja!” Hapo ndipo niliposimama na kupiga makofi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mpwa wangu alikuwa kimya. Kisha akaniuliza: “Mjomba, yule askari mzee aliyekuwa akiwaandikisha wale vijana hana miguu. Sasa mbona anawasifia jeshi?”

Nilikosa jibu. Ni kweli. Katika picha ile, mwandikishaji anampongeza Rico kwa kuchagua jeshi la miguu, anamwambia jeshi hilo ndilo lililomfanya awe mwanamume aliyefikia hapo alipo, na wakati huohuo tunaona mkono wake ni wa chuma na miguu yote miwili haipo. Mwalimu aliyewafundisha shuleni kwamba nguvu ndiyo mamlaka yaliyo juu ya mamlaka zote, naye hana mkono mmoja. Sisi watu wazima tuliyaona hayo tukayapita. Mtoto wa miaka kumi ndiye aliyesimama hapo.

Baada ya siku ile nilitafuta habari za mtu aliyeiongoza picha ile. Huyu ni Mholanzi, Paul Verhoeven, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1938. Alipokuwa hajatimiza miaka miwili, Mei 1940, majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi, nayo yalikaa huko hadi Mei 1945. Utoto wake aliupitisha katika mji wa The Hague. Kutoka mji huo, kuanzia Septemba 1944, Wajerumani walikuwa wakirusha makombora ya V-2 kuelekea London. Waingereza nao wakaja kuyapiga. Tarehe 3 Machi 1945 ndege zao zilikusudia kupiga mitambo iliyofichwa katika msitu wa mji huo. Kwa makosa ya hesabu, mabomu yaliangukia mtaa wa watu uitwao Bezuidenhout, na watu zaidi ya 500 wakafa. Hao waliouawa hawakuwa maadui. Walikuwa watu waliokuwa wakisubiri kukombolewa na haohao waliowapiga. Waswahili walisema: vita havina macho.

Kijana huyo alikua, akasoma hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, kisha akaingia katika jeshi la majini la nchi yake. Huko, mwaka 1965, alitengeneza filamu ya kulitukuza jeshi la wanamaji, bendera, mashua, vijana wenye vifua vipana. Kwa hiyo alipokuja kuzikejeli filamu za namna hiyo, alikuwa anaifahamu kazi yenyewe. Alijua kamera iwekwe wapi ili askari aonekane mrefu.

Kejeli yake ya kwanza kubwa akiwa Hollywood ilikuwa RoboCop, ya mwaka 1987, iliyoandikwa na Edward Neumeier na Michael Miner. Wengi mliiona mkadhani ni habari ya polisi wa chuma tu. Kumbukeni pale kampuni inapowaonyesha wakubwa wake mashine mpya ya ulinzi. Mfanyakazi mmoja anaambiwa aielekezee bastola kwa majaribio. Mashine inampa sekunde 20 aitupe silaha. Anaitupa. Mashine inaendelea kuhesabu, kisha inammiminia risasi mbele ya wenzake. Na mkubwa wa kampuni anasikitika, lakini kwa sababu ya mradi. Baadaye mwenye mradi huo anafichua siri: mkataba wa kuliuzia jeshi ulikuwa umehakikishwa, pamoja na vipuri vya miaka 25. Mashine ifanye kazi isifanye, hilo halikumhusu.

Miaka kumi baadaye, Verhoeven na Neumeier walishirikiana tena katika Starship Troopers. Safari hii walichukua riwaya ya mwaka 1959 ya Robert Heinlein, Mmarekani aliyehitimu chuo cha jeshi la majini mwaka 1929 na kuondoka jeshini mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu. Heinlein hakuwa anatania. Aliamini kwamba anayetaka kuiamulia nchi mambo yake sharti kwanza awe tayari kuitolea maisha. Riwaya ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1960, na mpaka leo ina watetezi wake. Nao wana lawama ya haki: Verhoeven mwenyewe alikiri kwamba hakuisoma mpaka mwisho, ilimchosha. Lakini hakuwa na haja ya kubishana na Heinlein ukurasa kwa ukurasa. Alichofanya ni kuichukua nchi hiyo ya kufikirika na kuipiga picha kama ambavyo nchi hiyo ingejipiga picha yenyewe.

Hapo ndipo penye ufundi. Mwaka 1934 mwanamke Mjerumani, Leni Riefenstahl, alirekodi mkutano mkuu wa chama cha Hitler mjini Nuremberg, na filamu yake ikatoka mwaka 1935. Safu za vijana zilizonyooka, nyuso nzuri, bendera, kiongozi juu ya jukwaa. Verhoeven alizichukua safu hizo na kuziweka katika dakika za kwanza za picha yake. Makoti ya maofisa wake yanafanana na ya Manazi. Vijana wote ni wazuri wa sura, meno meupe, hakuna mwenye shaka usoni. Na katikati ya kisa zinaingia taarifa za habari. Mtu amekamatwa asubuhi, amehukumiwa siku hiyohiyo, atauawa saa kumi na mbili jioni na wote mtatazama. Askari wanawagawia watoto risasi wazichezee. Halafu mtaani, watoto wa shule wanakanyaga mende kwa viatu vyao, na mama mmoja pembeni anacheka na kupiga makofi, kwa kuwa nao wanachangia vita.

Mnaona, ndugu zangu? Yule mama ndiye mimi. Ndiye banda zima. Mwongozaji alitupiga picha miaka miwili kabla hatujaingia bandani.

Wala tusijilaumu sana, maana waliosoma kuliko sisi nao waliteleza. Picha ilipotoka Novemba 1997, baadhi ya wahakiki wa Marekani waliandika kwa hasira kwamba ni filamu ya kifashisti. Ilikuwa imegharimu takriban dola milioni 100, na katika Marekani iliingiza milioni 54 na ushei. Waliopenda risasi waliona risasi. Waliochukia ufashisti waliona ufashisti. Wachache ndio waliosikia kicheko kilichokuwa nyuma ya vyote viwili. Miaka ilipita ndipo wengi walipoirudia na kuielewa.

Kwa nini naleta habari za sinema katika redio? Kwa sababu ya lile neno la mfasiri: mende.

Picha hii ilitoka miaka mitatu baada ya mwaka 1994. Sidai kwamba Verhoeven alikuwa akiifikiria Rwanda. Yeye alikuwa anaifikiria Ulaya ya utoto wake. Lakini sisi majirani hatuna haki ya kulisikia neno hilo kama wengine wanavyolisikia. Kwa Kinyarwanda mende ni inyenzi. Neno hilo lilikuwa likitumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa wakimbizi wa Kitutsi, na kufikia 1994 lilikuwa limetandazwa juu ya Watutsi wote, mpaka mtoto mchanga mgongoni. Na lililitandazwa kwa nini? Kwa redio. Kituo cha RTLM, kilichoanza matangazo mwaka 1993, kilikuwa na muziki mzuri, utani, watangazaji wenye ndimi tamu. Watu walikuwa wakicheka. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa laki nane au zaidi. Desemba 2003, hapo Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hatia haikuondoka.

Mimi ni mtu wa redio. Kipaza sauti hiki ninachozungumzia hakina tofauti na kile.

Kuna atakayesema: je, mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, sisi hatukumwita nduli? Tulimwita. Na sisemi kwamba kila vita ni upuuzi. Nchi iliyovamiwa hujitetea, na Waholanzi wenyewe walikombolewa na wanajeshi. Lakini nduli lilikuwa jina la mtu mmoja kwa matendo yake aliyoyatenda. Mende ni jina la kabila zima, la waliotenda na wasiotenda. Mtu ukimwita nduli bado unamhesabu kuwa mtu, anaweza kushitakiwa na kujibu. Ukimwita mende umekwisha kuhukumu, kilichobaki ni kiatu.

Mwisho wa picha ile, wanajeshi wanamteka mdudu mkubwa mwenye akili. Ofisa mwenye koti refu jeusi anamwekea mkono ili asome mawazo yake, kisha anautangazia umati kwamba mdudu anaogopa. Umati unalipuka kwa furaha. Hakuna hata mmoja anayejiuliza kwamba kiumbe kinachojua hofu huenda kinajua na mengine. Rico sasa ni ofisa; anawapokea askari wapya, vijana wadogo zaidi kuliko alivyokuwa yeye, na kuwarudishia maneno yaleyale ya mwalimu wake asiye na mkono.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Juzi nilimkumbusha swali lake, akacheka, akasema hakumbuki kabisa. Mimi ninalikumbuka. Kila ninapoona tangazo zuri la vita, la nchi yoyote, la sinema au la kweli, huangalia kwanza kama mtangazaji ana miguu.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.