Baada ya marathoni: mwili nao unadai haki yake

Tarehe 20 Oktoba 1968, mwanariadha wa Tanzania John Stephen Akhwari aliingia uwanjani mjini Mexico City akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi kumaliza mbio. Kisa hicho kinasimuliwa hadi leo. Lisilosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni na kushika nafasi ya tano. Mwili ulioumia haurudi katika kiwango hicho bila kupona kwanza.

Leo mbio hizi si za mabingwa pekee. Waafrika Mashariki wengi, nyumbani na ughaibuni, hujiandaa kwa miezi kadhaa ili wakimbie Moshi, Nairobi au London, lakini hawana mpango hata wa siku moja baada ya kuvuka mstari wa mwisho. Jumatatu alfajiri wako kazini, na wiki inayofuata wako barabarani tena.

Nini hutokea mwilini?

Katika kilomita 42.195, akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini hupungua mno. Nyuzi za misuli huchanika katika sehemu ndogo zisizoonekana kwa macho, hasa kwenye miteremko, ambako msuli hujikaza huku ukivutwa. Kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho makazi yake ni ndani ya misuli, huvuja na kuingia katika damu, na kiwango chake huweza kubaki juu kwa siku kadhaa.

Maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio, kisha hupungua. Hapo ndipo penye mtego: mkimbiaji hudhani amepona kwa kuwa haumwi, ilhali misuli, kano na mifupa bado inajikarabati.

Saa za kwanza

Anayemaliza mbio asisimame ghafla. Wakati wa kukimbia, misuli ya miguu husaidia kuirudisha damu kwenye moyo; ikisimama, damu hutuama miguuni na mtu huweza kuzirai. Atembee polepole kwa dakika 10 au 15, avae nguo kavu, na akihisi kizunguzungu alale chali, miguu ikiwa juu.

Maji yanywewe kwa kufuata kiu. Wengi huogopa upungufu wa maji peke yake, lakini kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwani hupunguza ukali wa chumvi katika damu. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 katika marathoni ya Boston mwaka 2002 waligundua kwamba asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu huo wa chumvi. Anayeumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa asilazimishwe kunywa maji; apelekwe haraka kwa waganga.

Chakula na dawa

Si lazima kununua vinywaji vya bei ghali. Ndizi mbivu na chai ya maziwa yenye sukari hufaa mara tu baada ya mbio. Baadaye ugali, wali au viazi vitamu hurudisha wanga, na maharage, mayai, samaki au maziwa huleta protini ya kujenga misuli. Usingizi nao ni tiba, na usiku mmoja hautoshi.

Vidonge vya kutuliza maumivu vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki viepukwe wakati wa mbio na katika saa zinazofuata, kwa sababu figo tayari zimeelemewa. Mkojo ukigeuka rangi na kuwa kama chai ya rangi iliyokolea, huenda misuli imeharibika kiasi cha kutishia figo. Hilo ni jambo la hospitali, tena siku hiyo hiyo.

Wanaosafiri kutoka ughaibuni kwenda kukimbia nyumbani wana tahadhari mbili zaidi. Kukaa saa nyingi ndani ya ndege baada ya mbio huweza kuchangia kuganda kwa damu miguuni, hivyo wainuke na kutembea mara kwa mara. Na homa inayoanza baada ya kurejea isiitwe uchovu wa mbio: wapimwe malaria bila kuchelewa, na wamweleze daktari walikotoka.

Wiki tatu za subira

Wiki ya kwanza iwe ya mapumziko, kutembea au kuogelea kidogo, bila kukimbia. Wiki ya pili mtu aweza kukimbia dakika 20 hadi 40, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Wiki ya tatu aongeze muda, si kasi. Mazoezi makali yasubiri wiki ya nne au zaidi. Mapigo ya moyo wakati wa kuamka yakiwa juu kuliko kawaida, au maumivu yakikaa mahali pamoja kwenye mfupa, asubiri zaidi. Maumivu ya aina hiyo huweza kuwa dalili ya ufa.

Mabingwa wenyewe huipa subira hiyo uzito. Eliud Kipchoge wa Kenya alishinda London tarehe 22 Aprili 2018, na hakukimbia marathoni nyingine hadi Berlin tarehe 16 Septemba, alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:39. Baada ya hapo alipumzisha mbio hizo kwa miezi saba.

Ni kweli kwamba wanariadha wengi wasio na jina hawana uwezo huo; zawadi ya mbio moja ndiyo karo ya watoto, na hivyo hulazimika kukimbia tena kabla ya kupona. Lakini anayekimbia kwa hiari yake, mwenye mshahara mahali pengine, hana sababu ya kujinyima wiki tatu. Siku anayoshuka ngazi bila kuumia, uponyaji ndio kwanza umefika katikati.