Mkanda wa Harusi

Mkanda wa harusi ya wazazi wangu unaanza na Zidane. Julai 1998 mjomba aliutoa kabatini akidhani ni mtupu, akarekodi juu yake fainali ya Kombe la Dunia: Ufaransa 3, Brazil 0. Kile kipande cha plastiki ambacho ukikivunja deki inakataa kurekodi, hakuna aliyekumbuka kukivunja. Nyumbani kisa hiki ni utani, ila mama hacheki. Bibi alifariki kabla sijazaliwa, na sauti yake haikurekodiwa kwingine. Alikuwa mama yake mjomba pia.

Nilipoanza kusomea tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu historia ya kurekodi televisheni, niligundua kwamba mjomba hakuwa peke yake.

Hapo awali, kituo cha Marekani kilichotaka kuhifadhi kipindi kilielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga, kisha filamu ikasafishwa mbiombio, maana Los Angeles iko nyuma ya New York kwa saa tatu. Picha zilitoka zimefifia. Mkanda wa sumaku, uliokwisha kuzoeleka kwa sauti, ulishindwa na picha: ungelazimika kukimbia kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ilipata njia. Mkanda wenye upana wa inchi 2 ulitembea polepole, huku vichwa vinne vya kurekodia vikizunguka kwa kasi kuukatiza. Ray Dolby, mmoja wa waliouunda mtambo huo, alikuwa na miaka 23. (Mimi kwa umri huo nilikuwa bado natafuta mada ya tasnifu.) Novemba 30 mwaka huo, CBS ilirusha taarifa ya habari kutoka kwenye mkanda.

Mikanda ilikuwa ghali, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ilifutika. Basi ikafutwa. BBC ilifuta vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960. Nakala za filamu za baadhi yake zilikuja kupatikana Jos, Nigeria, na habari ikatangazwa 2013. NASA nayo ilikiri mwaka 2009 kwamba mikanda ya awali ya Apollo 11 ilipotua mwezini huenda ilifutwa ili itumike tena. Mwezini! Nilimsomea mjomba habari hiyo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Ukaja mwaka 1999 na TiVo, kinasa video chenye diski ngumu badala ya mkanda. Diski ikijaa, mashine yenyewe huondoa rekodi za zamani kupisha mpya, isipokuwa uliziwekea alama zibaki. Hakuna wa kulaumiwa, wala hakuna mabaki ya kutazama baada ya kipindi kipya kuisha.

Mkanda una mabaki. Wetu ni wa saa tatu, na mpira uliisha mapema. Kombe linainuliwa, chenga zinajaa kiooni, halafu ghafla vigelegele. Zimebaki dakika chache za harusi. Bibi anapita na sinia la pilau, kanga begani, anamtazama mpiga picha.

“Zima hilo dude, mwanangu, uje ule.”